Kikoa Kilichoachwa na Mwenyewe: Mwongozo kwa Wenye Tovuti Kibiti na Delta ya Rufiji

Ukishafungua tovuti ya biashara, iwe ya gesti Nyamisati, ya kikundi cha kunenepesha kaa huko kwenye delta au ya duka la korosho Bungu, haupiti muda mrefu kabla hujaletewa biashara ya aina moja. Anakupigia mtu anayejitambulisha kuwa fundi wa tovuti. Anasema kuna kikoa cha zamani, kilisajiliwa miaka mingi iliyopita, mwenyewe hakukilipia kikaachwa, na kina viungo vingi kutoka tovuti kubwa za nje. Ukikinunua na kukielekeza kwenye tovuti yako, utapanda hadi ukurasa wa kwanza wa Google kwa wiki chache. Bei anayotaja huwa mara nyingi ya ada ya kikoa kipya.

Kabla hujatuma hela, ni vizuri uelewe unauziwa nini. Mara chache kinachouzwa kina faida. Mara nyingi ni hasara, na wakati mwingine ni kumdhulumu mtu mwingine bila wewe kujua. Na upo upande wa pili ambao mafundi hawautaji: kikoa chako wewe, ukikisahau, ndicho kitakachouzwa kesho kwa maneno hayohayo.

Jina linavyoachwa

Kikoa ni jina linaloandikwa ili kufika kwenye tovuti, kama kibitidc.go.tz, ambalo ni la Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti. Watu husema wamenunua kikoa, lakini kwa kweli wamekikodi kwa mwaka mmoja au zaidi, na haki ya kukitumia inakwisha siku malipo yanapokwisha. Majina yanayoishia .tz yalisimamiwa kwa miaka mingi na tzNIC, taasisi iliyoanzishwa 2006, na sasa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mwananchi husajili kupitia kampuni iliyoidhinishwa, ambayo huitwa msajili. Biashara huchukua .co.tz, asasi .or.tz, shule .sc.tz, vyuo .ac.tz. Jina la .go.tz ni la serikali peke yake, kwa hiyo anayekuambia anaweza kukuuzia la namna hiyo anakudanganya.

Kwa majina ya .com utaratibu wa kuachwa unajulikana vizuri. Muda ukiisha, msajili anaweza kumpa mwenyewe nafasi ya kulipa kwa ada ya kawaida hadi siku 45. Jina likifutwa baada ya hapo, zipo siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 ambazo hakuna anayeweza kufanya lolote, kisha jina linaachiwa kwa yeyote. Yapo makampuni yenye programu zinazosubiri dakika hiyo, na jina lenye sifa linadakwa kwa sekunde. Kwa .tz, muulize msajili wako siku za nafasi ni ngapi, na umwombe akujibu kwa maandishi.

Kusahau hakumpati mtu mdogo tu. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililobeba huduma yake ya kuingilia Hotmail, na watu wengi wakashindwa kufungua barua zao. Aliyeokoa hali alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Michael Chaney, aliyelipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Ikiwa kampuni kubwa namna ile ilisahau, kikundi cha kijiji kisichokuwa na mhasibu kina kila sababu ya kujihadhari.

Kwa nini jina la zamani lina soko

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupanga kurasa kwa kuhesabu viungo. Kila tovuti inayoweka kiungo kwenda kwenye yako inahesabiwa kuwa imekuthibitisha, na uthibitisho wa tovuti yenye sifa una uzito kuliko wa tovuti isiyojulikana. Mgeni anayefika gati la Nyamisati asubuhi akitafuta boti ya Mafia hufanya hivyohivyo: hamwamini nahodha kwa kuwa amejisifu, anamwamini kwa kuwa watu watatu wanaoijua bahari wamemtaja yeye.

Leo Google inatazama mambo mengine mengi, lakini viungo bado vina maana. Na kiungo hakifi pamoja na tovuti. Mwenye tovuti akiacha kulipia, viungo vilivyoko kwenye vyuo, magazeti na mashirika vinaendelea kuelekea kwenye jina lilelile. Anayelidaka jina anarithi mapendekezo ambayo hakupewa yeye.

Sehemu zetu zina majina mengi ya namna hii kuliko watu wanavyodhani. Delta ya Rufiji ina mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa hiyo watafiti na miradi hawajakauka hapa. Mradi wa mazingira wa Rufiji uliosimamiwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ulianza 1998 na ukamalizika 2003, na kabla na baada yake ilipita mingine ya afya, misitu na uvuvi. Mradi wa miaka mitano unafungua tovuti, unaweka ripoti za mchu, mkandaa na mkoko, vyuo vya Ulaya vinaweka viungo, halafu fedha zinakwisha. Ofisi ikifungwa, hakuna tena anayelipia jina, na hilo ndilo jina wadakaji wanalolitafuta.

Kundi la pili la majina yaliyoachwa lilitokana na sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu ya Tanzania alipe zaidi ya shilingi milioni 2 katika mwaka wa kwanza. Jukwaa la mtandaoni la JamiiForums lilisimama kwa muda Juni mwaka huo, na waandishi wengi wadogo walifunga blogu zao moja kwa moja. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini aliyefunga 2018 na kuacha kulipia jina lake hakulikuta likimsubiri.

Kundi la tatu ni la utalii. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kampuni nyingi za safari zilikuwa na neno Selous ndani ya kikoa, na wageni wa nje bado wanaliandika neno hilo wanapotafuta. Jina la Selous lililoachwa linauzika haraka, na ndiyo aina ya jina ambalo mwenye kambi au gesti upande huu atatangaziwa kwanza.

Google ilichosema Machi 2024

Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mpya za kupambana na taka za mtandaoni, na moja iliwalenga moja kwa moja wanaonunua vikoa vilivyoachwa kwa lengo la kupandisha kurasa zisizo na faida kwa msomaji. Mifano inayotolewa kwenye kanuni inaeleweka: maudhui ya kasino kwenye jina lililokuwa la shule ya msingi, dawa za biashara kwenye jina lililokuwa la asasi ya afya, matangazo ya kamisheni kwenye jina lililokuwa la idara ya serikali. Tovuti ikikutwa hivyo inashushwa au inaondolewa kabisa kwenye matokeo.

Mifano hiyo haikutungwa mezani. The Hairpin ilikuwa tovuti ya Marekani ya waandishi wanawake, iliyopendwa sana, na ikafungwa 2018. Jina lilipoachwa lilinunuliwa na mfanyabiashara wa Serbia, na Januari 2024 jarida la Wired lilieleza jinsi lilivyojazwa makala zilizoandikwa na kompyuta, huku baadhi ya makala za zamani zikiachwa lakini majina ya waandishi wake yamebadilishwa. Mwandishi aliyetoa miaka yake pale alikuta kazi yake ina jina la mtu mwingine. Mimi naliona hilo kuwa wizi, hata kama risiti ya kikoa ni halali.

Hivyo fundi anayekuahidi ukurasa wa kwanza kwa kikoa cha zamani anakuuzia kitu ambacho mwenye mtambo ameshatangaza kwamba anakipiga vita. Hata hoja ya umri wa jina haisimami: John Mueller wa Google ameeleza mara kadhaa kwamba umri wa kikoa peke yake hausaidii. Na pale mbinu inapofanya kazi kwa mwezi mmoja au miwili, fundi huwa ameshalipwa, na anayebaki na tovuti iliyoshushwa ni wewe.

Kuna pia jambo la sheria. Majina yanayouzwa hivi mengi ni .com au .net, wakati sheria yetu ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 imewahi kutumika dhidi ya walio nje ya .tz: Desemba 2016 waendeshaji wa JamiiForums walishtakiwa, miongoni mwa makosa mengine, kwa kuendesha kikoa kisichosajiliwa Tanzania. Biashara ya Kibiti yenye .co.tz yake haina sababu ya kuhama.

Pale kikoa cha zamani kinapofaa

Sisemi kila jina lililoachwa liogopwe. Kama umerithi gesti ya baba na jina lake likaachwa wakati wa msiba, kulirudisha ni haki yako na ni jambo la busara. Kama umenunua kambi ya watalii pamoja na jina lake, kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa wa sasa unaozungumzia kitu kilekile: ukurasa wa bei kwenda kwenye bei, ukurasa wa safari za boti kwenda kwenye safari za boti. Kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo kunamchanganya mgeni, na Google nayo haikupi kitu. Vilevile asasi ya mikoko inayochukua kazi ya mradi uliokwisha inaweza kuokoa jina la mradi na kurudisha ripoti zake mtandaoni. Hapo jina linaendelea kumhudumia mtu yuleyule aliyekuwa akilitafuta, na hicho ndicho kipimo ninachoshauri ukitumie.

Ukiamua kununua, jina likague mwenyewe. Fungua kwanza Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo ni bure, na uangalie sura ya tovuti hiyo mwaka hadi mwaka. Ukikuta kati ya 2019 na 2022 palikuwa na matangazo ya kubeti au dawa za nguvu za kiume, achana nalo, maana jina hilo limeshapita mikononi mwa wadakaji na limechafuka. Andika kwenye Google neno site, nukta pacha, kisha jina bila nafasi katikati. Jina la zamani lisilotoa hata ukurasa mmoja linaweza kuwa limeondolewa, ingawa jina ambalo limekaa bila tovuti kwa muda nalo hutoa matokeo matupu, kwa hiyo lisome pamoja na ulichokiona Wayback. Huduma ya whois itakuonyesha tarehe ya kusajiliwa na ya kuisha. Tafuta pia jina la biashara kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa sababu kikoa kinaweza kuwa kimeachwa na kampuni bado ipo hai. Kumbuka kwamba kusajili jina BRELA hakukupi kikoa, na kuwa na kikoa hakukupi jina BRELA.

Usiguse jina lililokuwa la zahanati, shule, SACCOS au wakili. Watu wataendelea kutuma barua kwenye anwani za zamani, na barua hizo zitaingia kwako: majibu ya vipimo, vyeti vya watoto, taarifa za mikopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa anayejifanya mtu mwingine. Hata kabla ya sheria, hizo ni siri za watu ambao wengine ni majirani zako.

Hela hiyo ifanyie nini

Kinachomleta mteja Kibiti ni maneno anayoyaandika yeye, kwa hiyo anza na jina la mahali. Delta tunaiita ya Rufiji, lakini Kibiti ilipotengwa na kuwa wilaya katikati ya muongo wa 2010, delta, Nyamisati na Bungu zikabaki upande wa Kibiti. Anayetafuta kutoka Dar es Salaam au Oman mara nyingi bado anaandika Rufiji. Taja yote mawili kwenye ukurasa wako, kwa sentensi ya kawaida: tupo Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, kwenye delta ya Rufiji. Sentensi hiyo haina gharama.

Andika ambacho hakuna mwingine ameandika vizuri. Boti ya kwenda Kilindoni, Mafia, inategemea nini, maji yakipwa abiria anapandia wapi, barabara ya kutoka lami hadi gati inapitika vipi masika, kaa wanapatikana lini na wanafungwaje ili wafike Dar wakiwa hai. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, ndugu walioko mbali walihitaji habari za aina hii kutoka kwa mtu aliyepo. Andika kwa Kiswahili, weka tarehe, na ubadilishe hali inapobadilika. Kurasa ziwe nyepesi, picha zipunguzwe ukubwa, kwa kuwa msomaji wako ana simu na bando dogo.

Kwa mgeni wa nje kuna hadithi ambayo delta inayo peke yake. Meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar Septemba 1914, ikajificha katika mito ya delta, na ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na meli za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yake ilitolewa ikapigana nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Wapenzi wa historia wa dunia nzima wanaiandika meli hiyo, na wengi hawajui mtu wa kumuuliza delta ya leo ikoje. Mwongoza wageni wa kijiji akiandika ukurasa wa kweli, wenye picha zake na maelezo ya wazee waliokubali kunukuliwa, atapata viungo ambavyo hakuna wa kumnyang'anya.

Viungo vingine viombe. Iombe halmashauri iitaje gesti yako kwenye ukurasa wake wa utalii. Mtafiti aliyelala kwako miezi miwili mwombe akutaje kwenye tovuti ya mradi wake. Jisajili kwenye ramani ya Google kama biashara, ambako hakuna malipo, ukiweka namba ya simu inayopokelewa na saa za kweli. Anayeandika "gesti Kibiti" akiwa njiani kutoka Lindi huona ramani kabla ya tovuti yoyote.

Kulinda jina lako

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara au la kikundi, kamwe kisiwe kwa jina la fundi. Mwombe akuonyeshe kwenye whois, na ukikuta jina lake, mwambie abadilishe kabla hujamalizia malipo. Barua pepe uliyompa msajili isiwe ya kikoa hichohicho: jina likizimika, barua ya kukukumbusha nayo haifiki. Namba ya simu iwe ya laini inayotumika. Nenosiri walijue watu wawili, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na kumbukumbu za vikao, ili hata uongozi ukibadilika ionekane. Ada ya .co.tz kwa mwaka ni ya makumi ya maelfu ya shilingi, kwa hiyo msimu wa korosho au wa kamba ukiwa mzuri, lipia miaka mitatu kwa mpigo.

Asasi inayofunga mradi iweke kwenye bajeti ya mwisho ada ya jina kwa miaka kadhaa mbele. Ripoti zake izikabidhi kwa maktaba ya chuo na kwa halmashauri, na iwaandikie waliokuwa wameiwekea viungo wavibadilishe. Naisihi kila ofisi ya mradi pale Kibiti ifanye hivi: ripoti za mikoko ziliandikwa kwa maarifa ya wavuvi na wakata boriti waliojibu maswali kwa saa nyingi, na haistahili jina lililobeba kazi yao ligeuzwe tangazo la kasino.

Ikiwa jina limeshakwisha, angalia whois leo na umpigie msajili leo, kwa sababu siku za nafasi hazikusubiri. Likiwa limechukuliwa na mtu mwingine na ni la .tz, peleka malalamiko kwa maandishi TCRA, ukiambatisha cheti cha BRELA, risiti za zamani na picha za tovuti yako kutoka Wayback. Likiwa la .com, WIPO, shirika la kimataifa la miliki ubunifu, inasikiliza mashauri ya vikoa tangu 1999, lakini itakubidi uthibitishe haki yako juu ya jina na nia mbaya ya aliyelichukua, na ada yake ni nzito kwa biashara ndogo. Kabla ya hayo yote, siku hiyohiyo, ingia Facebook, benki, na kila mahali ulipojisajili kwa barua pepe ya kikoa hicho, na uweke anwani nyingine. Aliyelishika jina sasa anapokea barua zako, na akibonyeza kwamba amesahau nenosiri, kiungo cha kulibadilisha kitakwenda kwake.